Kanuni Kabla ya Mchoro: Historia ya Kufundisha Usanifu wa Kikokotozi, kutoka Usagara hadi Vyuoni

Usanifu wa kikokotozi ni njia ya kubuni majengo ambayo mbunifu huandika kwanza kanuni zinazolizaa jengo, kisha mchoro hufuata wenyewe. Kanuni hizo hubeba vigezo vinavyobadilika: upana wa chumba, urefu wa nguzo, mwinuko wa paa, upande linakotoka jua. Kigezo kimoja kikiguswa, jengo zima hujipanga upya. Kanuni zikiachiwa zitoe majengo mengi kwa mpigo ili mbunifu ateue, njia hiyo huitwa usanifu zalishi. Vyuo vya Ulaya na Marekani vilianza kuishughulikia katika miaka ya 1960, na programu zake zilifika Afrika Mashariki katika karne hii. Hata hivyo, kujenga kwa kanuni pasipo mchoro ni kazi ya zamani katika ukanda huu. Kisanga, kata iliyo kusini mwa wilaya ya Kilosa, upande wa Mikumi, ni mahali pafaapo kuanzia, kwa kuwa nyumba za huko zimesimama vizazi kwa vizazi bila karatasi.

Kisanga imo katika nchi ya kale ya Usagara, mahali ambapo mabonde ya Morogoro yanaanza kupanda milima ya kuelekea Ugogo na Uhehe. Wasagara na majirani zao Wavidunda na Wakaguru ni watu wa ukoo wa mama, wakulima wa mahindi, mtama na mpunga. Njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Tabora na Ujiji ilikatiza Usagara. Burton na Speke walipita mwaka 1857, na Stanley alifuata bonde la mto Mkondoa mwaka 1871. Wageni hao walikuta nyumba za namna mbili, msonge wa mviringo wenye paa la nyasi, na tembe la pembe nne lenye paa bapa la udongo, ambalo huonekana zaidi kadiri mtu anavyokaribia Ugogo.

Msonge hujengwa kwa kigingi kimoja na kamba moja. Kigingi hupigwa katikati, kamba hukazwa, na ncha yake huzungushwa chini hadi duara likamilike. Urefu wa kamba ndio uamuzi mkuu, na yaliyobaki hutokana nao. Mzunguko wa duara ni zaidi kidogo ya mara 6 ya kamba, kwa hiyo kamba ya hatua 3 huhitaji nguzo zipatazo 19 zikipandwa hatua moja moja. Urefu wa miti ya paa hutokana na kamba ileile, na idadi ya mizigo ya nyasi pia. Fundi anayeulizwa nyumba itamaliza miti mingapi hujibu papo hapo, na jibu lake ni hesabu iliyokwisha kufanywa na waliomtangulia. Tembe lina mantiki nyingine. Kipande kimoja cha nguzo mbili na boriti juu yake hurudiwa mfululizo. Upana wake haupiti urefu wa boriti inayopatikana porini, ilhali urefu wake hauna kikomo: familia ikikua, vipande huongezwa, ukuta ukafika mwisho wa uwanja ukapinda, hadi ua wa mifugo ukazungukwa pande zote. Katika vyuo vya leo namna hiyo ya kurudia kipande kwa sharti maalumu hufundishwa kama somo la kwanza la uandishi wa programu.

Nyumba ya tatu ilikuja na biashara. Nyumba ya Kiswahili, yenye baraza mbele, korido katikati, vyumba kulia na kushoto na ua nyuma, ilipanda bara pamoja na misafara, kisha reli, kisha mashamba ya mkonge. Reli ya Kati ilifika Kilosa mwaka 1909, na tawi la Kilosa kwenda Mikumi na Kidatu likajengwa katika miaka ya 1960. Kila mahali treni iliposimama, nyumba ya korido ilisimama nayo. Ilikubali kila kifaa: miti na udongo, matofali ya kuchoma, matofali ya saruji, makuti, nyasi, bati. Sura yake haikuyumba kwa sababu haikushikwa na kifaa chochote. Ilishikwa na mpangilio wa vyumba.

Ujenzi wa nyumba ya miti na udongo huenda kwa utaratibu usioruhusu kurukwa. Nguzo hutangulia, juu yake mwamba, halafu mtambaapanya, halafu makombamoyo, ndipo fito zifungwe. Nyumba huezekwa kabla ya kukandikwa, maana udongo mbichi usio na paa juu yake huondoka na mvua ya kwanza. Hatua hizo zina masharti ndani yake. Udongo ukiwa na mfinyanzi mwingi, huongezwa majani yaliyokatwakatwa. Nguzo zikiwa za mti unaoliwa na mchwa, huchomwa moto sehemu ya chini. Makombamoyo yakiwa mafupi, upana wa nyumba hupunguzwa kabla shimo la kwanza halijachimbwa. Huo ni mfululizo wa maagizo wenye masharti ya "ikiwa ni hivi, fanya hivi", na mwanafunzi wa sayansi ya kompyuta angeutambua mara moja.

Ufundishaji wake ulikuwa wa kazini. Kijana alianza kama saidia fundi: kubeba miti, kuchanganya udongo, kushika upande wa pili wa kamba. Hakupewa picha ya nyumba aige. Alipewa sehemu ya kanuni, akaitumia katika nyumba tofauti, hadi akajua nini kinabadilika na nini hakibadiliki. Ndiyo maana mafundi wawili waliofunzwa na mtu mmoja hutoa nyumba mbili zisizolingana kwa vipimo lakini zinazofanana kwa sura. Mfumo huo ulikuwa na upungufu wake. Kosa la mwalimu lilirithiwa pamoja na ujuzi, na fundi aliyezoea bonde moja alipata shida akihamia kwenye udongo wa aina nyingine. Jambo hili husahauliwa na wanaousifu ufundi wa jadi kupita kiasi.

Aliyeonyesha kwa umakini mkubwa hesabu iliyomo katika kazi hiyo ni Paulus Gerdes, mwanahisabati wa Msumbiji aliyefariki mwaka 2014. Gerdes aliandika jinsi wajenzi wa vijijini nchini mwake wanavyopata msingi wenye pembe mraba bila kifaa cha kupimia pembe. Katika njia moja, kamba mbili zenye urefu sawa hufungwa pamoja katikati kabisa. Zikivutwa na ncha zake nne kupigiwa vigingi, vigingi hivyo huunda mstatili, wala haiwezekani vikaunda umbo jingine, kwa sababu mishazari yake miwili ni sawa na inakatana katikati. Kubadilisha uwiano wa nyumba ni suala la kufungua au kubana kamba kwenye kifundo. Kitu hicho kidogo kina kila kilichomo katika usanifu wa vigezo: kisichobadilika, ambacho ni urefu wa kamba na mahali pa kifundo, kinachobadilika, ambacho ni upana wa pembe kati ya kamba, na hakikisho kwamba kila jibu litakalotoka litakuwa halali. Mafundi wa Tanzania hutumia zaidi njia ya tatu, nne, tano, yaani hatua 3 upande mmoja, 4 upande wa pili, na 5 kuunganisha ncha, ili kupata skwea. Njia zote mbili ni sahihi, ila ya kamba mbili ni nzuri zaidi kufundishia kwa sababu mwanafunzi huona nyumba nyingi zikizaliwa mkononi mwake.

Pwani nako kanuni ilitoka katika mikoko. Nyumba za mawe za Kilwa, Lamu na Zanzibar zilibebwa na boriti za mikoko, ambazo mwisho wake wa kawaida ni kiasi cha mita 2.5 hadi 3. Ndiyo sababu vyumba vyake ni virefu na vyembamba, hata katika majumba ya matajiri wasiokosa fedha za chumba kipana. Boriti hizohizo zilisafirishwa kwa majahazi hadi Omani na nchi za Ghuba, na huko pia zikaweka kikomo cha upana wa vyumba.

Mchoro uliingia Kilosa pamoja na utawala wa Wajerumani. Boma, stesheni na nyumba za maofisa zilijengwa kwa michoro iliyotayarishwa kwingine, na fundi wa mahali akawa mtekelezaji. Chini ya Waingereza, nyumba za watumishi wa serikali zilifuata michoro sanifu ya idara ya kazi za umma (Public Works Department), iliyojulikana kwa herufi zake tatu, PWD. Mashamba ya mkonge ya Kimamba na Rudewa yalipanga manamba katika safu za vyumba vinavyolingana. Hapa ndipo kazi ya kufikiri nyumba ilipotengana na kazi ya kuisimamisha. Wataalamu wachache wa enzi hiyo walijaribu njia nyingine. Ernst May, msanifu Mjerumani aliyehamia Tanganyika mwaka 1934 na baadaye kufanya kazi Nairobi, alibuni nyumba ya vipande vya zege vilivyotengenezwa tayari na kupachikwa, akitegemea kwamba kipande kimoja kikipangwa kwa namna mbalimbali kitatoa nyumba nyingi. Wazo lilikuwa zuri, jaribio halikuenea.

Elimu ya usanifu majengo katika ngazi ya juu ilianza Nairobi. Royal Technical College ilipokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1956, na usanifu majengo ukawa miongoni mwa masomo yake. Kati ya mwaka 1963 na 1970, wakati wa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kazi iligawanywa: sheria Dar es Salaam, utabibu Makerere, usanifu majengo Nairobi. Mtanganyika aliyetaka fani hiyo alikwenda Nairobi au ng'ambo. Anthony Almeida, mzaliwa wa Dar es Salaam, alisoma Bombay. Beda Amuli alisoma Technion mjini Haifa, Israeli. Mtaala wa Nairobi ulifuata mfano wa Uingereza, ambao kiini chake kilikuwa ubao wa kuchorea: mwanafunzi huchora, mwalimu husahihisha kwa kuchora juu yake, na mwisho wa muhula michoro hubandikwa ukutani mbele ya jopo.

Dar es Salaam ilikuwa na njia yake. Kituo cha kufunza wapima ardhi kilianzishwa Mgulani mwaka 1956 na kuhamia karibu na eneo la Chuo Kikuu mwaka 1958. Mwaka 1972 kikawa Chuo cha Ardhi, mwaka 1996 kikawa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2007 kikawa Chuo Kikuu Ardhi. Asili hiyo ya upimaji ina maana kubwa kuliko inavyopewa. Mpima ardhi hufanya kazi kwa nambari na kanuni. Mchoro kwake ni matokeo ya hesabu. Chuo kilichozaliwa na wapima kilikuwa na mbegu ya usanifu wa kikokotozi tangu mwanzo, na ni jambo la kusikitisha kwamba usanifu majengo ulipowekwa ndani yake ulichukua desturi ya ubao wa kuchorea na kuiacha ile ya kitabu cha vipimo.

Jengo linaloonyesha vizuri kanuni ikifanya kazi katika kizazi hicho ni Soko Kuu la Kariakoo, kazi ya Amuli, lililofunguliwa mwaka 1975. Paa lake ni miavuli ya zege iliyopinduliwa, mmoja baada ya mwingine. Kila mwavuli ni kivuli, ni nguzo, na ni mfereji: maji ya mvua hukusanyika katikati na kushuka ndani ya nguzo hadi kwenye hifadhi iliyo chini. Aliyeuelewa mwavuli mmoja ameelewa soko lote. Moto wa Julai 2021 uliliharibu vibaya, na ukarabati wake ukawakumbusha wengi kwamba jengo lile lilikuwa somo la usanifu hata kabla ya kuwa soko.

Miaka hiyohiyo nchi nzima ilipangwa kwa kanuni ya namna nyingine. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini ni lazima, na ifikapo mwisho wa mwaka 1976 wananchi wote wa mashambani wawe wamehamia. Kilosa, kama wilaya nyingine, ilipata vijiji vyenye nyumba katika safu zilizonyooka kando ya barabara. Huo nao ulikuwa usanifu kwa kanuni, ila kanuni isiyokuwa na vigezo: safu ileile kwenye mteremko na kwenye tambarare, karibu na maji na mbali nayo. Miaka 9 kabla yake, Christopher Alexander, katika kitabu chake cha mwaka 1964 kilichotokana na tasnifu yake ya Harvard, alikuwa amekipanga kijiji cha India kwa njia tofauti kabisa. Aliorodhesha mahitaji 141 ya wanakijiji, akaonyesha yapi yanagongana na yapi yanasaidiana, akaitumia kompyuta kuyagawa katika mafungu yanayoweza kutatuliwa moja moja. Baadaye Alexander mwenyewe aliikana njia hiyo kwa kuwa watu waliigeuza ibada ya njia na kusahau majengo. Wapangaji wa vijiji vya Tanzania hawakuwa na kompyuta, lakini kilichokosekana zaidi kilikuwa orodha ya namna ile, inayoanza na mahitaji ya wakazi wa mahali penyewe.

Historia ya dunia ya somo hili ni fupi. Mwaka 1963 Ivan Sutherland wa MIT alionyesha Sketchpad, programu ya kwanza iliyomwezesha mtu kuchora kwenye kioo na kuiagiza mistari idumu katika uhusiano fulani, kama vile kuwa sambamba au kulingana urefu. Mwaka 1967 Nicholas Negroponte alianzisha kundi la utafiti la usanifu na mashine katika chuo hichohicho. Huko Uingereza John Frazer alifundisha wanafunzi wake kukuza maumbo kwa kuiga mageuzi ya viumbe, akachapisha kitabu chake mwaka 1995. Kampuni ya Autodesk ilitoa AutoCAD mwaka 1982. Grasshopper, programu ya David Rutten ya kuunganisha kanuni kwa visanduku na nyaya bila kuandika msimbo, ilitoka mwaka 2007 na ndiyo iliyoufikisha usanifu wa vigezo kwa wanafunzi wa kawaida.

Kwa Afrika Mashariki, jina lenye uzito zaidi katika orodha hiyo ni la George Stiny. Mwaka 1971 yeye na James Gips waliwasilisha sarufi ya maumbo. Wazo lao ni kwamba umbo lina kanuni za kuzalishwa kama sentensi ilivyo nazo: kuna umbo la kuanzia, na kuna kanuni zinazosema umbo hili likionekana, libadilishwe na lile. Mwaka 1978 Stiny na William Mitchell waliandika sarufi ya majumba ya mashambani ya Andrea Palladio, msanifu wa Italia wa karne ya 16, na sarufi hiyo ikaweza kutoa majumba ambayo Palladio alijenga na mengine ambayo angeweza kuyajenga. Mwaka 1980 Stiny alionyesha namna ya kufundisha jambo hilo kwa vipande vya mbao vya kuchezea watoto. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ilihitaji penseli na karatasi ya kunakilia tu.

Hilo lina maana ya pekee kwa Tanzania. Kompyuta ya kwanza nchini, aina ya ICT 1500, ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta na televisheni, agizo lililolegezwa polepole hadi mageuzi ya uchumi yalipolifuta kabisa. Ni rahisi kudhani kwamba marufuku hiyo ndiyo iliyochelewesha usanifu wa kikokotozi. Ilichangia, lakini sarufi ya maumbo ingeweza kufundishwa Dar es Salaam au Nairobi mwaka 1980 kwa gharama ya karatasi. Kilichokuwa kizuizi kikubwa zaidi ni imani kwamba msanifu ni mchoraji.

Somo lenyewe laweza kuonyeshwa kwa nyumba ya Kiswahili ya Kilosa. Umbo la kuanzia ni korido yenye upana wa mita 1.2. Kanuni ya kwanza huongeza jozi ya vyumba, kimoja kila upande, vyenye mita 3 kwa mita 3. Kanuni hiyo inaruhusiwa kutumika mara 2, 3 au 4. Kanuni ya pili huweka baraza au huiacha. Kanuni ya tatu huchagua paa la migongo miwili au la migongo minne. Kanuni ya nne hupanga nyuma ya ua vyumba vya nje, kati ya 0 na 3, kwa ajili ya jiko, stoo na choo. Chaguo 3 zikizidishwa kwa 2, kwa 2 na kwa 4, zinapatikana nyumba 48. Hakuna aliyeketi kuzichora nyumba 48. Zimetoka katika kanuni nne. Sasa sharti la kiwanja linaingia. Kikiwa na urefu wa mita 15, na ua ukihitaji angalau mita 5, nyumba ya jozi 4, yenye mita 12, haitoshei. Zinabaki 32. Sharti la fedha, la upande wa jua na la kisima cha jirani yataendelea kuzichuja.

Nyumba ya jozi 3 ina upana wa mita 7.2 na urefu wa mita 9, kuta zikiachwa nje ya hesabu. Mshazari wake ni mita 11.53, na kamba yenye urefu huo ikikaa sawasawa pande zote mbili, msingi una skwea. Ikiezekwa nyasi kwa mwinuko wa nyuzi 45, kilele cha paa kitapanda mita 3.6 juu ya mwamba. Ikiezekwa bati kwa nyuzi 15, kitapanda chini kidogo ya mita 1. Mwanafunzi aliyeandika hesabu hizo katika jedwali la kawaida la kompyuta, au hata katika daftari, ameshafanya usanifu wa vigezo. Atakapofunguliwa Grasshopper atakuta visanduku vinavyofanya kazi anayoijua.

Vyuoni mambo yalikwenda kinyume. Kompyuta zilipowafikia wanafunzi wa usanifu majengo wa Afrika Mashariki, zilikuja kama kalamu ya haraka. AutoCAD na ArchiCAD zilichukua nafasi ya ubao, na mwanafunzi akaendelea kuchora mstari mmoja mmoja, safari hii kwa kipanya. Mahitaji ya kazi yalichangia: kibali cha ujenzi hutolewa kwa ramani, na hakuna halmashauri inayopokea kanuni. Intaneti ilibadilisha hali. Mkongo wa SEACOM ulifika Dar es Salaam mwaka 2009, na kuanzia hapo mafunzo ya bure, video na programu huria zikawa karibu kuliko maktaba. Wanafunzi wengi wa ukanda huu wamejifunza usanifu wa vigezo kwa njia hiyo, usiku, kwa kifurushi cha simu, na mitaala imewafuata nyuma.

Mahali ambapo ukokotoaji uliingia Ardhi kwa kishindo palikuwa katika ramani za mitaa. Mwaka 2011 wanafunzi wa chuo hicho walishiriki kuchora ramani huria ya Tandale, Dar es Salaam, wakitembea na vifaa vya GPS pamoja na wakazi. Mwaka 2015 ulianza mradi wa Ramani Huria, uliowahusisha wanafunzi wa Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ukatumia ndege zisizo na rubani, na kuandika nyumba, mifereji na barabara za kata zinazofurika. Mwaka 2016 Zanzibar ilifanya kazi ya namna hiyo kwa visiwa vyake kwa kuwatumia wanafunzi wa chuo kikuu cha taifa cha huko. Data hizo ziliwezesha kukadiria maji yatakapofika mvua ikizidi. Hapo mwanafunzi alijifunza kitu ambacho darasa la kuchora halikumpa: jengo ni kipengele kimoja katika mfumo, na mfumo una nambari.

Rwanda imetoa mfano wa upande wa ujenzi. Kitivo cha usanifu majengo kilianzishwa Kigali mwaka 2009, na mwaka 2017 ukafunguliwa uwanja wa kriketi wa Gahanga, ambao jengo lake ni mapaa matatu ya kuba yaliyojengwa kwa vigae vyembamba vya udongo uliochanganywa na saruji kidogo. Umbo la kuba lilikokotolewa ili mzigo wote uwe wa kubana, maana udongo hustahimili kubanwa lakini hauwezi kuvutwa. Kanuni yake ni ya Robert Hooke wa Uingereza, karne ya 17: umbo la mnyororo unaoning'inia likipinduliwa huwa tao imara. Kompyuta ilitoa umbo. Wafanyakazi wa mahali walibana vigae, na waashi wakavipanga kwa mkono. Darasa lisilo na kompyuta linaweza kulifikia umbo hilohilo kwa kuning'iniza mnyororo ukutani na kunakili mstari wake, kama Antoni Gaudí alivyofanya kwa nyuzi na vifuko vya mizigo Barcelona.

Kilosa yenyewe ina tatizo linalostahili somo la namna hiyo. Mwishoni mwa Desemba 2009 mto Mkondoa ulivunja tuta lake, mafuriko yakaendelea hadi Januari 2010, reli ikakatika na maelfu ya watu wakahamia kwenye mahema. Nyumba nyingi zilizoanguka zilikuwa za udongo, na chanzo cha kuanguka kilikuwa maji kulowesha sehemu ya chini ya ukuta. Kimo cha msingi, umbali kutoka mtoni, aina ya tofali na upana wa varanda inayokinga ukuta ni vigezo vinne vinavyopimika. Wakala wa taifa wa utafiti wa nyumba na vifaa vya ujenzi, ulioanzishwa mwaka 2001, umekuwa ukieneza matofali ya udongo ya kufungamana, ambayo vipimo vyake visivyobadilika hurahisisha hesabu hizo zaidi. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza wakipewa vigezo hivyo vinne, kamba mbili na fundi mmoja wa Kisanga wa kuwauliza maswali, wana kazi ya muhula mzima. Walimu wa usanifu majengo waanzie hapo, na leseni za programu zisubiri mwaka wa pili.